Home au Pro? Windows ya kuchagua kwa laptop ya mwanafunzi wa Mbeya na Iringa

Vyuo vinapofunguliwa, kuanzia Iyunga kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, maarufu MUST, hadi Mkwawa na Kihesa kule Iringa, swali moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza: laptop yangu imekuja na Windows Home, niipandishe iwe Pro? Mmoja anajibu kwamba Home ni ya watoto. Mwingine anasema Pro ni nyepesi. Wa tatu hana maelezo, anatupia tu namba ya fundi wake. Wa kuuliza unasoma nini na mashine yenyewe ni ipi haonekani, wakati hayo mawili ndiyo yanayoamua.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiye na muda aishie hapa. Kwa wanafunzi walio wengi, Pro si kitu cha kulipia. Ikiwa imeshakuja na mashine, vizuri, itumie. Wapo pia wachache ambao masomo yao au data wanazobeba zinaihitaji kweli, nao nitawafikia. Waliobaki, hela hiyo ina kazi nyingine. Ila kuna kupandisha kwa aina ya pili, kutoka Windows 10 kwenda 11, ambako watu hukuchanganya na huku kwa Home na Pro, na kwa sasa huko ndiko kwenye haraka.

Zinafanana kuliko unavyoambiwa

Ukinunua Pro ukiwa na Home, kompyuta haipigwi Windows upya. Inathibitisha leseni, inajizima na kuwaka, basi. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vimefungwa na sasa umepewa ufunguo: kuta ni zile zile, bati ni lile lile. Sehemu kubwa ya vitu vya Pro tayari vimo kwenye diski yako vimelala.

Ndiyo maana kasi haibadiliki. Laptop ya RAM GB 4 yenye diski ya zamani ya kuzunguka itasuasua ikiwa Home, na itasuasua vile vile ikiwa Pro. Programu za masomo nazo hazibagui. AutoCAD ya watu wa uhandisi, MATLAB, SPSS ya watu wa takwimu, Packet Tracer ya wanaosoma mitandao, QuickBooks ya wahasibu, Word na PowerPoint za kila mtu: zote zinakaa kwenye Home bila tatizo. Wi-Fi ya chuo inapokea zote mbili, hata eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo. Kuna anayeogopa kwamba Home ina kikomo cha RAM. Ni kweli inacho, ni GB 128. Ukifika huko nitafute, nitakuwa na maswali kuhusu bumu lako.

Pro inachoongeza ni vitu vya mtu anayesimamia kompyuta nyingi, au anayetaka kuishika yake kwa undani: BitLocker kamili ya kufunga diski, uwezo wa kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali kwa Remote Desktop, Hyper-V ya kuendesha kompyuta pepe (kompyuta nyingine ndani ya yako), Windows Sandbox, zana ya sera iitwayo Group Policy, na kujiunga na mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva. Hiki cha mwisho ndicho sababu kubwa ya Pro kuwepo duniani. Kompyuta za maabara ya chuo huunganishwa hivyo. Yako ya binafsi haiunganishwi huko.

Remote Desktop naipita haraka. Home inaweza kuiingia kompyuta nyingine, haiwezi kuingiwa. Ukitaka kuingia kwenye yako ukiwa mbali, AnyDesk au Chrome Remote Desktop zinafanya kazi hiyo kwenye Home, na kwa binafsi hulipi. Tena kwa bando letu, sioni mwanafunzi anayeacha kompyuta imewashwa geto Uyole ili aitazame kutoka maktaba.

Bei yake ukiiweka kwenye siku za kula

Kupandisha Home iwe Pro kupitia duka la Microsoft ni dola 99 kwa bei ya Marekani. Dola ikiwa karibu na shilingi 2,500, hapo kuna kama 250,000. Posho ya chakula na malazi ya mkopo wa Bodi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo Pro ni siku 25 za kula na kulala. Kwa mzazi wa Rungwe au Njombe anayesubiri viazi au parachichi, si hela ya kutamka kirahisi kwenye simu.

SSD ya GB 256 haifiki bei hiyo, na kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka, SSD ndiyo mabadiliko utakayoyaona siku ile ile: inawaka haraka, Word inafunguka kabla hujasahau ulichotaka kuandika. Ukiwa na GB 4 za RAM, ongeza ziwe 8 kabla ya kufikiria Pro. Nasema hivi hata kwa wanaosoma kompyuta. Hasa wao.

Laptop ikiibwa

Hapa ndipo Pro ina hoja ya kusikilizwa, na ndipo nataka twende polepole.

Wengi wanaamini nenosiri la Windows linalinda mafaili. Halilindi. Mwizi akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu: picha, vyeti ulivyoskani, fomu za mkopo, tasnifu. Kinacholinda ni kuisimba diski, yaani data zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo. Pro inafanya hivyo kwa BitLocker, na unaamua mwenyewe: diski ipi, ufunguo uhifadhiwe wapi, iombe PIN kabla hata Windows haijawaka. Inasimba hadi flashi. Kwa mtu ambaye flashi yake inapita stesheneri tatu kwa siku, hilo si jambo dogo.

Home nayo haiko mikono mitupu, na hili wauzaji wa Pro hawalisemi. Ina kitu kiitwacho Device encryption, ambacho ndani yake ni teknolojia ile ile ya BitLocker ila haina vitufe vingi vya kuchezea. Zamani ilikuwa inachagua sana mashine. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, lililegeza masharti, na kompyuta mpya siku hizi mara nyingi inakuja ikijisimba yenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft. Nenda Settings, kisha Privacy & security, utafute Device encryption. Ukiiona na imewashwa, sehemu kubwa ya sababu ya kununua Pro imeisha. Isipoonekana kabisa, mashine yako haikidhi masharti, au chipu yake ya usalama iitwayo TPM imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Pia ipo VeraCrypt, programu ya bure inayosimba diski nzima kwenye Home, ingawa inataka mtu mtulivu anayesoma maelekezo hadi mwisho. Flashi iliyosimbwa na BitLocker pia inafunguka kwenye Home kwa nenosiri. Home isichoweza ni kuisimba hiyo flashi yenyewe.

Sasa mtego wenyewe. Ufunguo wa kufungulia diski ikigoma ni namba ya tarakimu 48, na kwenye Home huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta. Umenunua laptop Mwanjelwa, muuzaji au fundi akakusaidia kuiwasha mara ya kwanza, kwa haraka zake akatumia akaunti yake. Kompyuta inafanya kazi mwaka mzima. Siku BIOS imesasishwa au ubao mama umebadilishwa, skrini ya bluu inakudai tarakimu 48, na tarakimu hizo ziko kwenye barua pepe ya mtu ambaye alishahama duka. Hakuna fundi wa Tanzania wala wa Marekani anayeweza kuzikisia. Kwa hiyo, Home au Pro, ingia account.microsoft.com kwa akaunti yako leo, fungua orodha ya vifaa, uhakikishe ufunguo wa kompyuta yako umo, uunakili kwenye karatasi na uiweke mbali na begi la laptop.

Nani basi anayehitaji zaidi ya Device encryption? Nawafikiria wanafunzi wa Ndaki ya Sayansi za Afya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine wa kozi za afya, pindi wanapofanya utafiti wenye majina au majibu ya vipimo vya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ukiwa na dodoso za wagonjwa kwenye laptop na nakala kwenye flashi ya kumpelekea msimamizi wako, BitLocker kamili ina maana. Pengine hapo ndipo pekee ninapoweza kumwambia mwanafunzi wa kawaida, asiye wa kompyuta, kwamba robo milioni hiyo haijapotea. Na hata hapo ningeanza na kuondoa majina kwenye data, ambako hakugharimu kitu.

Bando na masasisho

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa 2 au saa 3 usiku. Ukiwa umewasha hotspoti ili utume kazi kabla ya saa 6, na Windows nayo imeamua kushusha mzigo wake, bando linakatika kazi haijatumwa. Malalamiko haya ndiyo yanayowasukuma wengi kwenye Pro, wakiamini Pro haijisasishi.

Inajisasisha. Tofauti ni urefu wa kamba. Home inakuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5, kisha lazima uyapokee kabla ya kusimamisha tena. Pro, kupitia Group Policy, inakuruhusu kuahirisha toleo kubwa jipya hadi siku 365 na yale ya kila mwezi hadi siku 30. Ni uhuru zaidi, ila dawa ya bando iko kwingine na imo kwenye zote mbili: fungua mipangilio ya Wi-Fi ukiwa umeunganishwa na simu yako, washa Metered connection. Tangu hapo Windows haishushi masasisho mengi yenyewe ikiwa kwenye hotspoti hiyo, inasubiri Wi-Fi ya chuo.

Kuna kitu kingine cha bure ambacho wanaoishi geto moja hawakitumii. Kwenye Windows Update, ndani ya Advanced options, kuna Delivery Optimization. Ukiruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao wenu wa ndani tu, mmoja anashusha sasisho na wenzake wanachukua sehemu kubwa kutoka kwake badala ya kila mtu kuunguza bando lake. Angalia usiruhusu zile za intaneti nzima, maana hapo utakuwa unawapakulia watu usiowajua.

Kwenye kuanzisha kompyuta mpya Pro ina ahueni ndogo. Windows 11 zote mbili zinataka intaneti na akaunti ya Microsoft, ila Pro inakupa njia ya kujifanya ni kompyuta ya kazini na kufungua akaunti ya ndani isiyo na barua pepe. Home haina mlango huo wa wazi. Kwa 250,000? Hapana.

Wanaosoma kompyuta

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mitandao au usalama wa mifumo atakuja na hoja nzito: mwalimu ametaka tuendeshe seva ndani ya laptop, Home haina Hyper-V, kwa hiyo ninunue Pro.

Hyper-V kweli haimo kwenye Home. Lakini VirtualBox ni ya bure na inafanya kazi kwenye Home. VMware Workstation Pro, iliyokuwa ya kulipia kwa miaka mingi, imekuwa bure kwa wote tangu Novemba 2024. Ukitaka Linux ya kufanyia programu, WSL 2, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows, inakubali Home, na Docker Desktop inapanda juu ya WSL hiyo hiyo. Emuleta ya Android Studio nayo haidai Pro. Kinachokwamisha maabara hizi kwa kawaida ni RAM: seva moja ya Windows na kompyuta pepe moja ya mteja ndani ya laptop ya GB 8 tayari vinagombania pumzi. GB 16 za RAM kwenye Home zinashinda GB 8 kwenye Pro, na hili sina shaka nalo hata kidogo.

Pale somo lenyewe linapokuwa usimamizi wa Windows, yaani kuunganisha kompyuta kwenye seva na kutunga sera za Group Policy, unahitaji Pro ya kujifunzia. Ila iweke ndani ya kompyuta pepe. Microsoft hutoa nakala za majaribio za Windows Enterprise za siku 90 kwa ajili ya kazi hiyo, na ukiiharibu unaifuta na kuanza upya bila laptop yako kuguswa. Windows Sandbox, chumba cha muda cha kufungulia faili usiloliamini, ni kitu kizuri cha Pro ambacho kwenye Home unaweza kukiiga kwa VirtualBox, kwa usumbufu kidogo.

Mtumba wa ofisini: Pro uliyokwisha kuilipia

Sehemu hii inawahusu wengi kuliko zote. Laptop nyingi za wanafunzi hapa nyanda za juu si mpya kutoka boksini. Ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini nje ya nchi, zikauzwa kwa mafungu, zikaja hadi madukani kwetu. Mashine hizi zilizaliwa za kiofisi, na mara nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Pro. Leseni hiyo imefungwa kwenye ubao mama. Ukifuta kila kitu na kupiga Windows ya toleo lile lile la Pro, ikikutana na intaneti inajitambua yenyewe, bila ufunguo wala fundi wa kukraki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kupandisha, angalia ulichonacho. Settings, System, kisha About, soma mstari wa Edition. Halafu ingia Activation kwenye System hiyo hiyo. Ukiona imeandikwa kwamba imewezeshwa kwa digital license, mambo ni mazuri. Nimeona mtu akitafuta Pro ya kununua wakati EliteBook yake ilikuwa na leseni ya Pro tangu kiwandani, ila fundi alipiga Home kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake.

Mtumba wa ofisini una hatari yake ambayo mashine za Home za dukani hazina. Kampuni zinazotumia Pro huzisajili kompyuta zao kwenye mfumo wa usimamizi uitwao Autopilot. Kampuni ikiuza bila kuziondoa kwenye usajili, siku utakayoirudisha laptop kama mpya ikiwa na intaneti, itakukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo na kukudai barua pepe ya mfanyakazi. Wauzaji wanazipita kwa kuanzisha bila intaneti, kwa hiyo dukani hutaona kitu. Omba iwekwe upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na hotspoti yako. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani. Angalia na BIOS: ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo mezani.

Pro ya bei ya chipsi

Mtaani utaambiwa Pro haihitaji dola 99, ufunguo upo wa bei ya sahani mbili za chipsi. Funguo za aina hiyo huwa ni za makundi makubwa ya ofisi zilizovuja, au za majaribio, au ni ule ufunguo wa jumla unaobadilisha jina la Windows kuwa Pro bila kuiwezesha, halafu baadaye maandishi ya kukudai uiwezeshe yanaganda kwenye kona ya skrini.

Njia ya pili ni fundi kukraki kwa KMS. KMS yenyewe ni njia halali ya ofisi kubwa, ambako kompyuta zinahuishwa na seva ya ofisi na uhai wake ni siku 180 kabla ya kuhuishwa tena. Fundi anaweka programu inayojifanya ni seva hiyo ndani ya laptop yako. Ili iingie, kwanza anazima Defender, antivairasi ya Windows, na mara nyingi anaacha folda lake likiwa limesamehewa kukaguliwa. Tangu siku hiyo una kompyuta ambayo mtu usiyemjua, aliyetengeneza programu hiyo, ana mlango wake. Kisha unachomeka flashi ya stesheneri.

Kujua kama yako ni hiyo ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikisema imewezeshwa daima, sawa. Ikikupa tarehe ya kuisha, na laptop si ya ofisi, ni KMS. Home halali iliyokuja na mashine ni bora mara nyingi kuliko Pro ya namna hii. Sheria ya hakimiliki naiacha pembeni kabisa. Naangalia tu nani ana ufunguo wa mlango wako.

Education na S

Kuna toleo la tatu, Education, ambalo kwa vitu vilivyomo linaipita Pro na kukaribiana kabisa na Enterprise ya makampuni makubwa. Haliuzwi dukani, linapitia mkataba wa chuo na Microsoft. Kabla ya kulipa shilingi, uliza ofisi ya TEHAMA ya chuo chako kama mkataba huo upo na kama unagusa kompyuta binafsi za wanafunzi. Uliza pia kama leseni inafuata akaunti ya chuo, kwa sababu ya namna hiyo hupoteza nguvu akaunti ikifungwa baada ya kuhitimu.

Na kama laptop yako mpya inakataa kusakinisha chochote kisichotoka duka la Microsoft, huhitaji Pro. Iko kwenye S mode. Kuitoa humo ni bure, kupitia Activation, ingawa ukishaitoa hairudi. Sijui ni wangapi wamelipishwa hela na fundi kwa kazi hiyo ya dakika mbili.

Kupandisha kusikokwepeka

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama 14 Oktoba 2025. Home na Pro zote. Ukiwa bado uko huko, mjadala wote wa juu ni wa pili kwa umuhimu.

Kutoka 10 kwenda 11 ni bure, na unabaki kwenye toleo lako: Home inakuwa Home, Pro inakuwa Pro. Masharti ni RAM GB 4, nafasi ya diski GB 64, Secure Boot, TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha, ambayo kwa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Hapa ndipo mtumba unapotenganishwa. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, haimo. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, zimo, ila zipo zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo soma namba badala ya kuamini jina. i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, chukua. i5-7300U, acha, hata kama ni Pro na inang'aa. Kati ya Home ya kizazi cha 8 na Pro ya kizazi cha 7 kwa bei moja, sisiti: Home.

Aliyekwisha kununua ya kizazi cha 6 au 7 ana njia. Microsoft inatoa nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Kujiunga hakulipiwi ukikubali kusawazisha mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft, la sivyo ni dola 30. Fundi atakuambia anaweza kulazimisha Windows 11 iingie. Ni kweli anaweza, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na kila toleo kubwa jipya utalifuata kwa mkono. Kwa mwanafunzi wa ualimu ambaye kazi yake ni kuandika maandalio ya somo, kusoma PDF na kuingia mtandaoni, Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ikiwa na LibreOffice badala ya Word, itaipa mashine hiyo miaka mingine, bure. Kwa mtu wa AutoCAD haifai, maana AutoCAD haina toleo la Linux.

Ukiamua kununua Pro

Labda wewe ndiye yule wa data za wagonjwa, au una sababu yako. Nunua ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye Settings, System, Activation, si kwa mtu. Kadi ya mtandaoni unayotengeneza kupitia huduma ya pesa kwenye simu inaweza kutumika, mradi uwe na salio linalovuka bei kidogo kwa ajili ya kubadili fedha na kodi. Ingia kwa akaunti yako ya Microsoft kabla ya kulipa, ili leseni ijulikane ni ya nani siku ubao mama utakapobadilishwa. Nakili mafaili yako kwanza, ingawa kwa kawaida hayaguswi. Kisha washa BitLocker siku ile ile, maana wapo wanaolipia Pro na kuiacha diski wazi. Na ujue kurudi nyuma hakuna kitufe: anayetaka kutoka Pro kwenda Home anapiga Windows upya, na faili la kusakinishia Windows 11 peke yake linazidi GB 5.